Gharama ya Uwezo: Vita vya Kagera na Deni la Tanzania

Tarehe 2 Novemba 1978, siku chache baada ya majeshi ya Rais Idi Amin wa Uganda kuiteka ardhi iliyo kaskazini mwa Mto Kagera, Rais Julius Nyerere aliwatangazia Watanzania kwamba uwezo wa kumpiga mvamizi walikuwa nao, sababu walikuwa nayo, na nia walikuwa nayo. Kati ya mambo hayo matatu, uwezo ndio uliokuwa na bei, na sehemu kubwa ya bei hiyo ilidaiwa kwa fedha za kigeni, yaani sarafu za kimataifa ambazo nchi ya wakulima huzipata kwa kuuza kahawa, pamba na katani.

Akiba ya fedha hizo, iliyonenepeshwa na bei nzuri ya kahawa ya miaka 1976 na 1977, ilikuwa imekwisha kupukutika vita vilipoanza, kwa kuwa masharti ya kuagiza bidhaa yalikuwa yamelegezwa huku bei ya kahawa ikishuka. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 nako kulikuwa kumeitwika nchi mzigo wa kuanzisha upya mashirika yake ya reli na ndege. Katika hali hiyo, jeshi lilipanuliwa kwa kuwaingiza mgambo kwa maelfu, na malori yaliyokuwa yakisomba mazao yakachukuliwa kupeleka askari na zana Kagera. Hasara hii ya malori haitajwi vya kutosha, ingawa ndiyo iliyouma kwa muda mrefu zaidi: lori lililokwenda vitani halikufikisha pamba bandarini, na pamba isiyofika bandarini haikuleta dola ya kulipia mafuta.

Kampala, mji mkuu wa Uganda, ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Gharama ya vita hukadiriwa kuwa takriban dola za Marekani milioni 500, na mwaka huohuo bei ya mafuta ikapanda duniani. Serikali ilikopa kwa mabenki ya ndani kuziba pengo la bajeti, hatua iliyochochea mfumuko wa bei, na nje ya nchi yakajengeka malimbikizo, maana yake ankara za bidhaa zilizokwisha kupokelewa bila kulipwa. Kwa njia hiyo gharama ya vita iliingia katika deni la taifa bila kubeba jina la vita, ikichanganyika na deni la mafuta, vipuri na chakula, kiasi kwamba kuitenganisha leo ni kazi ngumu.

Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe thamani. Waziri wa Fedha Edwin Mtei, aliyeona kwamba makubaliano hayakwepeki, alijiuzulu mwaka 1979, na Nyerere akayakataa masharti hayo hadharani. Wananchi walikuwa wameombwa kufunga mkanda kwa miezi 18. Mkataba na Shirika hilo ulifikiwa mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, na mkanda ulikuwa bado haujalegezwa.