Mikono ya Wazee ni Chuo

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Lakini neno hilo litasikiwaje iwapo vijana hawana pahali pa kuketi na mzee? Katika makala haya twataka kuonyesha, kwa mifano ya Kampala na Buganda, kuwa kazi ya mikono ni baraza mojawapo la kale la kuwakutanisha.

Kwanza tuutazame ufundi wa nguo ya magome. Gome la mti uitwao mutuba hubanduliwa, kisha hupigwa kwa nyundo za mti hata likawa laini. Mafundi wake wa jadi ni watu wa ukoo wa Ngonge, ambao mkuu wao huitwa kaboggoza. Ujuzi huo haukuandikwa vitabuni. Kijana aliketi karibu na mkubwa wake akaufuatisha mkono wake. Misafara ya pwani ilipoleta nguo za pamba katika karne ya 19, kazi hiyo ilianza kufifia, ingawa nguo yenyewe ilibaki katika ada na mazishi. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi bora wa wanadamu. Tangazo ni jema, lakini tangazo halishiki nyundo.

Pili, tukumbuke Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa katika miaka ya 1930. Yeye alishikilia kwamba mwanafunzi wa Kiafrika aanzie katika ufundi wa kwao. Wazo hilo lilikuwa zuri. Hata hivyo, shule kwa desturi yake huwakusanya watu wa rika moja. Ufundi ukaingia darasani, na mzee akabaki nyumbani.

Na wapo wazee wasio na nyumba. Kwa ajili yao, mwaka 1978, katika siku ngumu za nchi yetu, Kardinali Emmanuel Nsubuga alianzisha makao ya Mapeera Bakateyamba huko Nalukolongo, yakitunzwa na Masista wa Msamaria Mwema. Jina Mapeera ni lile watu walilompa Padre Lourdel, aliyefika Uganda mwaka 1879, kutokana na maneno ya Kifaransa ya kumwita padre. Papa Fransisko aliyazuru makao hayo tarehe 28 Novemba 2015.

Wageni wengi wa makao ya wazee huleta sukari na sabuni, wakaaga. Mzee hushukuru, lakini mtu apokeaye kila siku bila kuombwa kitu husahau kuwa alikuwa mtoaji.

Sisi nasi tulikosea hivyo. Tulipowapeleka wanafunzi katika makao mamoja, tulichukua karatasi na rangi. Bibi mmoja aliiweka brashi kando, akaulizia ukindu. Ulipopatikana siku nyingine, alianza kusuka, na wanafunzi wakamwiga. Mistari yao ilipopinda aliifumua bila huruma, akaanza upya. Kiswahili hakukijua, na baadhi ya wanafunzi Kiganda chao kilikuwa haba. Lakini sisi husema mkeka, naye husema omukeka. Neno hilo lilitosha kuanzia mazungumzo.

Walimu wenzetu, tusiache kupeleka sukari. Lakini tupeleke ukindu pia, na tuingie humo kama wanafunzi, maadamu walimu wale wangali hai.