Kuongeza Bila Kufuta: Hoja Kuhusu Maelezo ya Rekodi za Mabadiliko

Mei 2008 mradi wa Debian ulitangaza kwamba funguo za usimbaji zilizotengenezwa kwenye mashine zinazotumia mfumo wake tangu Septemba 2006 hazikuwa salama. Chanzo kilikuwa badiliko dogo katika kifurushi cha OpenSSL. Valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta, kilikuwa kikitoa maonyo kuhusu data isiyotayarishwa, na mistari iliyoyasababisha ikaondolewa. Pamoja nayo ikaondoka karibu nasibu yote iliyokuwa ikilishwa kwenye kizalishaji cha namba. Kilichobaki kutofautisha ufunguo na ufunguo kilikuwa namba ya mchakato, ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768.

Maelezo yaliyoambatana na badiliko hilo katika hazina ya Subversion yalikuwa mafupi na ya uaminifu. Yalisema kwamba data isiyotayarishwa haitaongezwa tena kwenye kizalishaji, kwamba hatua hiyo itaondoa makosa yaliyokuwa yakiripotiwa na Valgrind, na yakataja namba ya tatizo lililokuwa limeripotiwa. Kwa vigezo tunavyowafundisha wanafunzi, ni maelezo mazuri: tendo lipo, sababu ipo, rejea ipo. Hata hivyo, anayeyasoma peke yake hawezi kujua kwamba amesimama mahali palipozaliwa mojawapo ya kasoro mbaya zaidi za usalama za muongo ule.

Mafunzo yetu kuhusu rekodi za mabadiliko huishia kwenye uandishi wa siku ya kwanza. Tunasisitiza kwamba mstari wa juu usizidi herufi 50 hivi na kwamba mwandishi aeleze kwa nini alibadilisha, si alichobadilisha tu. Ni mafunzo sahihi, nami nayatetea. Lakini maelezo huandikwa siku ambayo mwandishi anajua machache kuhusu badiliko lake kuliko siku yoyote itakayofuata. Yanayogunduliwa baadaye yanahitaji mahali pa kukaa, na mahali hapo panapaswa kuwa kwenye rekodi yenyewe. Kwa hiyo naona mfumo wa kudhibiti matoleo unapaswa kuruhusu rekodi ya zamani iongezewe maelezo, kwa jina na tarehe ya aliyeyaongeza. Maneno ya awali yabaki yalivyo. Na nyongeza isafiri na rekodi kokote inakonakiliwa. Masharti haya matatu ni kama miguu ya kigoda: ukikosekana mmoja, mingine miwili haisimami.

Wazo hili si geni. SCCS, iliyobuniwa na Marc Rochkind katika Bell Labs mwaka 1972, ni miongoni mwa mifumo ya kwanza kabisa ya aina yake, na ilikuja kuwa na amri ya `cdc` kwa ajili ya kubadili maelezo ya toleo lililokwisha kuhifadhiwa. Maelezo mapya yakiandikwa, ya zamani hayapotei: hubaki chini yake, yakitanguliwa na mstari unaosema kwamba yamebadilishwa, lini, na na nani. Waliojenga chombo hicho walitambua kwamba maelezo ni ushahidi, na kwamba ushahidi ukisahihishwa lazima alama ya usahihisho ionekane.

Vizazi vilivyofuata viliipoteza hekima hiyo. Katika Subversion, maelezo ya badiliko ni sifa isiyo na historia yake yenyewe: ukiyabadilisha, ya awali yanatoweka. Wasanifu wake walilijua tatizo, ndiyo maana mabadiliko ya namna hiyo hukataliwa mpaka msimamizi wa seva aweke hati maalumu ya kuyaruhusu. Hapo msimamizi ana njia mbili tu, kukataza usahihisho wote au kuruhusu ufutaji, isipokuwa ajijengee mwenyewe utaratibu wa kutunza maneno ya zamani.

Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds Aprili 2005, iliingia upande wa pili kabisa. Utambulisho wa kila rekodi, ambao kwa desturi ni tarakimu 40, hukokotolewa kutokana na yaliyomo: hali ya faili, rekodi iliyotangulia, majina, tarehe, na maelezo yenyewe. Ukigeuza herufi moja ya maelezo umepata rekodi nyingine, na rekodi zote zilizoifuata lazima nazo zibadilike. Kwa kazi ambayo bado iko kwenye mashine ya mwandishi peke yake hilo si shida. Amri ya `git commit --amend` ipo kwa ajili hiyo, na aitumie. Kazi ikishasambazwa, kubadili ni kuwavuruga wote waliojenga juu yake.

Ugumu huu una faida kubwa, kwani unazuia kughushi historia kimyakimya. Lakini una tokeo ambalo halijadiliwi vya kutosha: rekodi inaweza kuelekeza nyuma tu. Katika kiini cha Linux, anayerekebisha kasoro huandika mstari wa `Fixes:` wenye tarakimu 12 za mwanzo za badiliko lililoileta. Ni desturi bora. Anayesoma marekebisho hulifikia kosa kwa hatua moja. Anayesoma kosa haoni chochote kinachompeleka kwenye marekebisho. Lazima ajue kutafuta, na ili atafute lazima kwanza ashuku. Msomaji aliyefikishwa kwenye rekodi ya zamani na `git blame` kwa kawaida hana sababu ya kushuku.

Dawa ya Git inaitwa `git notes`, na imo tangu toleo 1.6.6. Mtu huandika `git notes add` na utambulisho wa rekodi, kisha `git log` huonyesha nyongeza yake chini ya maelezo ya awali. Rekodi haiguswi. Nyongeza hukaa katika tawi lake, na kila badiliko juu yake huhifadhiwa pamoja na jina na tarehe. Miguu miwili imetimia. Wa tatu ndio uliovunjika: kwa chaguo-msingi nyongeza hizi hazitumwi kwenye seva wala hazivutwi na anayenakili hazina, mpaka mtu atoe amri mahususi, kama `git push origin refs/notes/commits`. GitHub ilizionyesha kwenye kurasa zake kwa miaka michache, kisha mwaka 2014 ikaacha. Nyongeza isiyomfikia msomaji haina kazi, na nadhani hii ndiyo sababu kuu ya chombo kizuri namna hii kutotumika, wala si uvivu wa wanaprogramu.

Fossil, mfumo wa D. Richard Hipp unaotunza msimbo wa SQLite, unaonyesha kwamba mambo yote matatu yanawezekana kwa pamoja. Amri ya `fossil amend` haifuti maelezo. Huongeza kitu kipya kinachosema kwamba kuanzia sasa rekodi ile isomwe hivi. Mpangilio wa matukio huonyesha maneno mapya, ya awali yanabaki humohumo, na kila kitu husafiri hazina zinapolandanishwa.

Wasomi wa pwani yetu wangeutambua utaratibu huu mara moja. Vitabu vya fiqhi vilivyosomwa Lamu na Unguja vilikuwa na matini, sharhi na hashia katika ukurasa mmoja: wanazuoni wa karne tofauti wakijibizana bila yeyote kumfuta aliyemtangulia, na mwanafunzi akijua kauli ipi ni ya nani.

Wapo watakaosema kwamba mahali pa mjadala ni mfumo wa tiketi. OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, ina desturi ya kuanza maelezo ya mabadiliko ya kiini chake kwa namba ya tiketi, na namba hiyo ina manufaa makubwa. Lakini tiketi hukaa kwenye seva nyingine, yenye mwenyewe mwingine na umri mwingine. Hazina ya Git hunakiliwa nzima kwenye mashine ya kila mshiriki. Mfumo wa tiketi haunakiliwi. Siku seva hiyo ikizimwa, mshiriki anabaki na namba isiyofungua kitu.

Pingamizi lenye uzito zaidi linahusu faragha. Jina la mgonjwa likiandikwa kwa bahati mbaya katika maelezo, kuongeza chini yake kwamba halikupaswa kuwepo hakumsaidii mgonjwa. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zinampa mhusika nafasi ya kudai taarifa zake zifutwe, na hapo lazima historia iandikwe upya, kwa gharama yoyote. Ninaukubali mpaka huu bila kusita. Nauona pia kuwa mwembamba: unahusu taarifa za mtu na siri kama nywila, wala hauhusu maoni ya kihandisi yaliyodhihirika baadaye kuwa na kasoro. Hayo ya pili ni mengi zaidi, na ndiyo yanayostahili nyongeza.

Kwa vyuo na mashirika yanayoendesha seva zao za Git, hatua ya kwanza haihitaji programu mpya. Mistari miwili katika faili ya mipangilio ya kila hazina, mmoja wa kuvuta `refs/notes/*` na mwingine wa kuzituma, inatosha kuufufua mguu wa tatu. Baada ya hapo, anayeandika mstari wa `Fixes:` atakiwe pia kuweka nyongeza kwenye rekodi anayoirekebisha.