Safu ya Lugha: Si kila mwanga ni kimondo

Huku Mbalibali, mkoani Mara, giza la usiku bado ni giza kweli, na mtu akiona mwanga unakatiza juu ni rahisi kusema "kimondo" akamaliza. Si haki. Kimondo huwaka kwa sekunde chache kikazimika. Jiwe lake likifika ardhini nalo ni kimondo, kama kile cha Mbozi, Songwe, kinachokadiriwa kuwa na tani 16 hivi. Nyotamkia hukaa usiku kadhaa. Taa zilizojipanga kama siafu, zikienda taratibu bila kumetameta, mara nyingi ni setilaiti za Starlink.

Na kikianguka chuma? Tarehe 30 Desemba 2024, pete yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Shirika la anga za juu la nchi hiyo lilifunga eneo, likachukua pete, likasema uchunguzi wa awali unaonyesha ni kipande cha roketi. Hayo ni mabaki ya roketi, si kimondo hata kidogo.

Basi ndugu msomaji, kabla hujaupa jina mwanga uliouona, andika saa, upande ulikotokea na muda uliochukua. Bila hayo mtaalamu hana pa kuanzia.