Yoga kwa wazee: kupumua vizuri, kusimama na kuepuka kuanguka

Ku Bukavu, mutu anapanda na kushuka kilima kila siku. Ku Butembo, mvua ikinyesha, njia ya udongo inakuwa utelezi. Mu nyumba nyingi choo ni cha shimo: unachutama, kisha unasimama bila kitu cha kushika. Kwa kijana, hilo si jambo. Lakini kwa muzee wa miaka 70, njo kipimo chenye kuonyesha kama ataendelea kujitegemea ao ataanza kungojea watoto kwa kila kitu.

Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema kama kuanguka ni sababu ya pili ya vifo vya ajali ulimwenguni, kisha ajali za barabarani. Kila mwaka watu karibu 684 000 wanakufa juu ya kuanguka, na wenye kupita miaka 60 njo wanakufa zaidi. Hata mwenye hakuvunjika mufupa anabakia na woga. Muzee mwenye anaogopa kuanguka anatembea kidogo tu. Akitembea kidogo, misuli ya miguu inapunguka. Misuli ikipunguka, anaanguka tena. Mazoezi yanaweza kukata huo munyororo, na yoga ni moja kati ya mazoezi hayo.

Yoga ilitoka wapi?

Yoga ilizaliwa India, zaidi ya miaka 2 000 iliyopita. Ina mambo matatu: mikao ya mwili, kuongoza pumzi, na kutuliza akili. Mu mwaka wa 2014 Umoja wa Mataifa ulichagua tarehe 21 ya mwezi wa 6 kuwa Siku ya Yoga ulimwenguni, na siku hiyo ilifanywa mara ya kwanza mu 2015.

Watu wengi wanafikiri kama yoga ni ya vijana wenye kujikunja sawa kamba. Hapana. Mwalimu B.K.S. Iyengar (1918-2014), mwenye alifundisha ku Pune, alikuwa mutoto mwenye kugonjwa-gonjwa. Yeye njo alijulisha sana namna ya kutumia kiti, ukuta, mukanda na blanketi, ili mutu mwenye hawezi kujikunja naye afanye. Alifanya mazoezi mupaka mu uzee wake.

Wakristo na Waislamu wengi wanajiuliza kama hiyo ni dini. Ni kweli kama yoga ilikomaa pamoja na dini za India. Lakini kunyoosha mukono, kupumua polepole na kusimama kwa muguu moja kunaweza kufanywa bila sala wala wimbo wowote. Kila mutu atapima kulingana na imani yake.

Inasaidia nini kweli?

Waganga wa utafiti wa Cochrane walikusanya mu 2019 majaribio 108 juu ya mazoezi na wazee wenye kuishi mu nyumba zao. Waliona kama mazoezi yanapunguza kuanguka kwa karibu 23 kwa mia, zaidi sana yale ya kusimama sawa na ya kutia miguu nguvu. Mikao mingi ya yoga inafanya kazi hiyo hiyo.

Juu ya maumivu ya mugongo yenye kukawia, utafiti mwingine wa Cochrane ulionyesha kama yoga inasaidia kidogo kuliko kukaa bila mazoezi, lakini haipite sana mazoezi mengine ya mugongo. Kwa hiyo yoga si muujiza. Faida yake ni kwamba haiombe mashini wala uwanja, na kupumua polepole kunatuliza mutu mwenye mawazo mengi, mwenye usingizi umekimbia.

Namna ya kuanza

Kiti kigumu cha mbao, chenye kuegemezwa ku ukuta, kinatosha. Viatu vyenye kuteleza vitolewe. Dakika 10 kila asubui ni bora kuliko saa moja mara moja kwa mwezi.

1. Kupumua: muzee anakaa mugongo wima, miguu chini. Anavuta pumzi kwa pua akihesabu mupaka 4, anaitoa polepole akihesabu mupaka 6. Mara 5.

2. Mikono juu: akivuta pumzi anainua mikono, akiitoa anaishusha. Mara 5.

3. Kugeuka: anaweka mukono wa kuume ku goti la kushoto, anageuza kifua polepole bila kulazimisha. Kisha upande mwingine.

4. Kukaa na kusimama: anasimama kutoka ku kiti, anakaa tena polepole. Mara 5, akishika kiti kama ni lazima. Hii njo yenye inasaidia zaidi ku choo na ku ngazi.

5. Muti: anasimama karibu na ukuta, mukono moja juu yake, anainua kisigino, kisha muguu muzima kidogo. Anahesabu mupaka 10, anabadilisha muguu. Mara ya kwanza mutu mwingine asimame karibu.

Mambo ya kuangalia

Mwenye tansio asizuie pumzi na asiinamishe kichwa chini ya moyo. Mwenye ugonjwa wa macho wa glokoma naye aepuke kichwa chini. Mwenye mifupa dhaifu asijikunje sana mbele. Mwenye alivunjika ao alipasuliwa aulize kwanza munganga ao kine. Kuvutika kidogo ni sawa. Maumivu makali, kizunguzungu ao kifua kubana ni alama ya kuacha na kwenda ku kituo cha afya.

Tena, yoga haichukue nafasi ya dawa. Muzee mwenye kumeza dawa ya tansio ao ya sukari anaendelea nayo, hata akijisikia muzuri. Munganga peke yake njo anaweza kuibadilisha.

OMS inashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kusimama sawa siku 3 ao zaidi kwa juma. Ni rahisi kudumu kama wazee wawili ao watatu wa kartie wanakutana ku kiwanja kimoja. Na kama muzee anaishi na wajukuu, wajukuu wamuhesabie: moja, mbili, tatu, mupaka kumi.