Wapiga ngoma wa Gitega: kutoka ua wa mwami hadi majukwaa ya Ulaya

Mwaka 1967, ufalme wa Burundi ukiwa umefutwa miezi michache tu nyuma, Wafaransa wawili, Michel Vuylstèke na Charles Duvelle, walifika na mashine zao za kurekodi katika kijiji kilicho karibu na Bukirasazi, kusini mwa Gitega. Wanaume 25 wakawapigia ngoma. Mwaka uliofuata kampuni ya Ocora ya Ufaransa ikatoa santuri, na mdundo ule ukaanza safari ambayo wenyewe waliopiga hawakuipangia.

Kabla ya hapo, ngoma hazikuwa burudani ya kukodiwa. Zilipigwa mwami, yaani mfalme, alipotawazwa au alipozikwa, na katika umuganuro, sherehe ya kubariki mbegu za mtama. Familia zilirithishana kazi hiyo, baba kwa mwana. Kituo cha ngoma kilichoko kilima cha Gishora, kilomita 7 hivi kutoka mjini Gitega, kinasimuliwa kuwa kilianzishwa na Mwami Mwezi Gisabo baada ya kumshinda mtemi muasi Ntibirangwa, na ndipo zilipohifadhiwa ngoma takatifu Ruciteme na Murimirwa. Ngoma yenyewe huchongwa kwenye gogo la umuvugangoma, ikawambwa ngozi ya ng'ombe na kukazwa kwa vigingi.

Anayedhani ni kelele tu za nguvu na ahudhurie onyesho moja. Wapigaji huingia kwa msururu, ngoma nzito kichwani, mikono ikizipiga huku miguu ikitembea bila kuyumba. Wakishafika huzitua kwa nusu duara, na idadi yake lazima iwe witiri. Katikati hukaa inkiranya, ngoma kiongozi. Amashakwe hushikilia mdundo mmoja usiobadilika. Ibishikizo huitikia anachoagiza wa katikati. Kisha mmoja mmoja huja mbele, huruka juu, hucheza na mirisho yake, yaani fimbo za kupigia, hupiga inkiranya kwa zamu yake na kumwachia mwenzake. Hakuna karatasi ya nota, lakini nidhamu yake ni ya okestra.

Mwami alipoondolewa madarakani Novemba 1966, wapigaji wangeweza kutawanyika. Gishora haikutawanyika. Antime Baranshakaje aliwaongoza wapigaji wake kwa miaka mingi, na kazi iliyokuwa ibada ya ikulu ikageuka kuwa kazi ya jukwaani.

Huku nje, santuri ya Bukirasazi ilikuwa na maisha yake. Mwaka 1971 Mfaransa aliyejiita Mike Steiphenson aliongeza kinanda na gitaa juu ya mdundo ule, akautoa kwa jina la Burundi Black, ukauzwa vizuri Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada akauweka chini ya wimbo wake The Jungle Line. Ilipofika 1980, vijana wa London kama Adam and the Ants walikuwa wanajipatia umaarufu kwa midundo ya mtindo huohuo. Wanakijiji waliopiga hawakugawiwa faida. Sioni jina jingine la jambo hilo ila dhuluma, hata kama sheria za wakati ule hazikuliita hivyo.

Angalau mwaka 1982 Waingereza walipata kuwaona wapiga ngoma wa Burundi kwa macho. Tamasha la kwanza la WOMAD, lililofanyika Shepton Mallet, liliwapandisha jukwaani, na baadaye kampuni ya Real World ya Peter Gabriel ikatoa albamu yao. Safari hii jina la Burundi lilikuwa mbele, kwenye jalada.

Novemba 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, Rais Pierre Nkurunziza alitia saini amri inayowakataza wanawake kupiga ngoma, na inayomtaka anayeziita nje ya sherehe rasmi aombe kibali na kulipa faranga 500,000 kwa hazina ya serikali. Wapo waliosema urithi unalindwa. Mimi naona mabinti waliokwisha jifunza wamefungiwa mlango bila kosa, na familia za wapigaji zimepata mdai mwingine katikati. Kama serikali inakubali kwamba mdundo huu una bei, basi ianze kwa kuandika ni kiasi gani cha fedha hizo kinachomrudia mpigaji.