Divai Nyekundu ya Dodoma na Altare Zetu za Kilombero



Wapendwa wasomaji, bonde letu la Kilombero lasifika kwa mpunga, miwa na misitiki, wala halisifiki kwa mizabibu. Hata hivyo, hapa Ifakara Misa haiadhimishwi pasipo divai. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, yataka iwe divai halisi ya zabibu, isiyoharibika. Basi ni vema tuijue historia yake.

Wabenediktini walipoanzisha misheni ya Kwiro, Mahenge, mwaka 1902, na hata Wakapuchini wa Uswisi waliporithi kazi hiyo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, divai ililetwa kutoka Ulaya kwa meli. Mabadiliko yalianza mwaka 1957, wamisionari Waitalia walipopanda mizabibu Bihawana, karibu na mji wa Dodoma. Kutoka misheni, kilimo hicho kilienea kwa wanavijiji. Baadaye Serikali ilianzisha kiwanda cha DOWICO na kituo cha utafiti cha Makutupora, ambacho jina lake limepewa zabibu nyekundu ya huko.

Kwa nini Dodoma, na si kwetu? Jibu ni mvua. Kilombero hupata zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka; Dodoma hupata pungufu ya 600, tena kwa msimu mmoja. Unyevu mwingi huleta ukungu na kuozesha vichala. Nchi kavu, yenye jua kali na iliyoinuka zaidi ya mita 1,000, huukusanya utamu ndani ya tunda. Tena, kwa kuwa hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima huuamsha kwa kuupogoa, akavuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya kiangazi ndiyo yenye sukari nyingi zaidi.

Wekundu wa divai hutoka katika maganda, yanayoachwa yachachuke pamoja na maji ya zabibu. Iliyo bora hutengwa na kutunzwa. Huko Hispania, divai nyekundu haiitwi ya akiba kabla ya miaka 3, na mwaka 1 kati ya hiyo iwe ndani ya pipa. Lakini pipa haliwezi kutia wema ambao shamba halikuutoa.

Hapa ndipo penye uchungu. Mkulima wetu wa mpunga, bei ikianguka, aweza kuweka magunia ghalani akasubiri. Mkulima wa zabibu hana nafasi hiyo, kwa maana tunda lililoiva huharibika kwa siku chache. Katika miaka ya 2010 wakulima wa Dodoma walilalamika mara nyingi kwamba zabibu zao zilikosa wanunuzi, na wengine waliziona zikiozea shambani. Divai hutunzwa miaka, lakini aliyeizaa hawezi kungoja hata juma moja.

Wapendwa, tunapoandaa vipaji tunakiri kwamba divai ni tunda la mzabibu na pia kazi ya mikono ya watu. Mikono hiyo ina majina, ina watoto wa kusomesha. Mzabibu wapogolewa ili uzae zaidi, kama tusomavyo katika Injili ya Yohane, sura ya 15. Mkulima asipolipwa haki yake, hapogolewi, bali anakatwa. Padre anapoinua kikombe, tuwakumbuke.

Mungu awabariki nyote.