Kitawi cha Fyuzi

Muulize fundi umeme wa magari kamera mpya ya kioo cha mbele itapata wapi umeme, atakujibu, "Tutachukua moto kwenye fyuzi." Moto huo ni wa gereji: waya wa moto ndio unaoleta umeme kutoka ncha chanya ya betri, na ncha hasi imefungwa kwenye bodi ya gari. Kauli inaeleweka. Isichosema ni namna ya kuuchukua, na hapo ndipo magari yanapoungua.

Wapo wanaochomoa fyuzi, wakaubana waya uliochunwa kwenye mguu wake, kisha wakaishindilia irudi. Kifaa kitawaka. Lakini mguu haukai sawasawa, unapata joto, na plastiki ya kisanduku inaanza kulainika. Waya ukibanwa upande unaotoka betri, haulindwi na fyuzi hiyo. Ukibanwa upande wa pili, unalindwa na fyuzi iliyopangiwa waya mnene kuliko wenyewe. Kazi ya kwanza ya fyuzi ni kulinda waya, ingawa wenye magari wengi hudhani ni kulinda redio.

Kipo kifaa kidogo cha kazi hii. Chini kina miguu miwili inayoingia kwenye tundu la fyuzi; juu kina nafasi mbili, moja ya fyuzi ya zamani, nyingine ya fyuzi mpya, ambako waya wa nyongeza unaanzia. Moja ya majina yake ya Kiingereza lina picha ya kubebwa mgongoni. Tungeweza basi kukiita fyuzi ya mbeleko, ila washabiki wa mpira wameshaliteka neno hilo: mbeleko ni ya timu inayobebwa na refa. Mchepuko nao, msomaji anajua ulikoishia. Tena haufai hata kwa maana yake ya asili, maana hapa umeme wa zamani haukuhamishwa njia. Mimi nasema kitawi cha fyuzi. Tawi la benki lina meneja wake na hesabu zake, na kitawi hiki kina fyuzi yake. Fundi akilisikia jina, ajue kuna fyuzi ya pili ya kuchagua.

Ya kuchagua kwa hesabu, si kwa rangi iliyobaki mfukoni. Kamera ndogo inatosheka na fyuzi ya ampea 5, ile ya kahawia hafifu. Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 9 na ushei. Vitawi vingi vimeundwa kubeba ampea 10, na hapo akiba iliyobaki ni ndogo mno, kwa hiyo taa hizo zipewe relei na waya wake kutoka betri.

Tundu nalo lichaguliwe: la redio au la kiberiti cha sigara, mradi linapata moto ufunguo ukiwashwa tu, ili betri isikauke usiku. La mifuko ya hewa, la breki za ABS na la kompyuta ya injini yaachwe kabisa.

Kisha kuna upande. Chomoa fyuzi, washa ufunguo, pima tundu kwa testa, utaona upande mmoja tu una moto. Mguu wa kitawi unaolisha fyuzi zote mbili ndio uingie hapo. Ukikigeuza, kifaa kipya kitafanya kazi vilevile, ila umeme wake utapita kwanza kwenye fyuzi ya zamani, na hiyo inaweza kukatika.